Kaka, Zima

Siku hiyo jirani yetu, fundi cherehani, alikuwa anageuza kola ya shati, redio inaimba, hana habari. Mumewe alikuwa mtunza bwawa kwenye kiwanda cha kusafishia mafuta. Maji machafu yalimwagwa humo, na bakteria, ambao wafanyakazi waliwaita wadudu, walikula mafuta yote kabla maji hayajafunguliwa mtoni. Wadudu hao wanataka hewa. Mashine iliwapulizia kutoka chini, bwawa likitokota bila moto.

"Wanakula chochote na hawanuni," mume alizoea kumtania. "Jifunze kwao."

Mchana huo aliteleza akatumbukia. Kwenye maji yaliyojaa hewa mtu haelei hata awe bingwa wa kuogelea. Anashuka kama jiwe. Dawa ni moja, kuzima mashine. Swichi ilikuwa mikononi mwa kaka wa mume, msimamizi wa zamu.

"Nilikuwa mbali, shemeji," kaka mtu alilia msibani, kamasi mpaka kidevuni. "Ningekuwepo ningezima."

Fundi akamwamini. Akamfuta uso kwa kitambaa chake mwenyewe.

Baada ya mazishi cherehani ikaanza kulia. Akiitia mafuta asubuhi, adhuhuri imekauka kau. Chupa ya mafuta ya nywele ikabaki tupu, kizibo hakijaguswa. Ndani, povu la kijivu.

Povu lilikuwa linapumua.

Jumamosi shemeji akaja kumjulia hali. Akapewa maji ya kunywa. Glasi ikatokota mkononi mwake. Povu likapanda, likamlamba vidole. Ndani yake sauti ndogo, ya mtu aliyejaa maji.

"Kaka, zima. Kaka, zima."

Shemeji hakushtuka. Hapo ndipo fundi alipoogopa.

"Unaisikia?" akanong'ona.

"Kila siku."

"Alikuita hivyo?"

Shemeji akaishika glasi kwa mikono miwili.

"Ulikuwa wapi?"

"Kwenye swichi." Macho hayakutoka kwenye glasi. "Wadudu walikuwa wanaumwa wiki ile. Ningezima, wangekufa wote. Ningefukuzwa kazi, shemeji."

Fundi akamfungulia mlango. Hakumtukana, matusi ni ya watu.

Jumatatu mlinzi wa kiwanda akaja kwa fundi anahema. Getini wafanyakazi huweka kidole kwenye mashine, jina likatokea. Shemeji ameweka cha kulia, ameweka cha kushoto, amemaliza vidole vyote. Jina ni lilelile, la marehemu mdogo wake.

"Na chini yake, mama," mlinzi akanong'ona, "imeandika yuko kazini."

Wakaleta mashine mpya. Nayo ikaandika hivyohivyo.