Koki Iliyobaki Wazi Mlimani

Kila wakitoka mlimani Jumapili jioni, kazi zilikuwa zile zile. Baba anashusha mizigo kwenye pikapu. Mama anatenga nguo za kufua. Kijino, mtoto wa mwisho mwenye pengo la meno, anajifanya amelala ili asibebe kitu. Na dada yake, Chapchap, anafungua begi lake kwa mkono mmoja, mkono wa pili umeng'ang'ania simu.

Jina la Chapchap alipewa na nyumba nzima. Vyombo anaosha chapchap, kitanda anatandika chapchap, kazi ya shule anaandika chapchap. Kwamba vyombo vinabaki na mafuta na kitanda kinabaki na nundu, hilo ni suala jingine.

Jumapili hiyo alikuwa amejaa furaha hadi puani. Kwa mara ya kwanza Baba alimwachia yeye kazi ya kufunga maji ya nyumba yao ya mapumziko kule mlimani. Si nyumba kubwa. Ni vyumba viwili vya mbao, jiko na bafu, katikati ya misonobari. Lakini Baba ni seremala, na sakafu ile aliipanga mwenyewe, ubao kwa ubao, likizo nne mfululizo. Ukiingia na viatu, Baba anakohoa. Ukiingia na viatu vyenye matope, anakohoa mpaka unatoka.

Sasa kule juu usiku wa baridi kali maji huganda ndani ya bomba. Yakiganda yanavimba, yakivimba bomba linapasuka, na jua likitoka yanamwagika ndani ya nyumba. Ndiyo maana kabla ya kuondoka lazima ufunge koki kuu nyuma ya jiko kwa spana, kisha ufungue koki zote za ndani ili maji yaliyobaki yaishe.

"Umefunga koki?" Baba aliuliza siku ile, pikapu inaunguruma.

"Nimefunga!" Chapchap akajibu huku anarukia kiti cha nyuma.

Sasa huku nyumbani akazamisha mkono hadi chini ndani ya begi, akagusa kitu kizito. Akakitoa. Ilikuwa spana, bado imeviringishwa kwenye kitambaa, na fundo ni lile lile alilolifunga Baba.

Akakumbuka yote. Alikuwa anaelekea nyuma ya jiko, simu ikalia, rafiki yake kamtumia kichekesho. Akasimama kucheka. Baba akapiga honi. Akakimbia.

"Nimwambie," alijisemea. Akatoka hadi sebuleni. Baba alikuwa kwenye simu na Bibi, anatamba. "Mama, wewe acha tu! Mjukuu wako leo amefunga nyumba peke yake. Siku hizi mimi ni abiria!"

Chapchap akageuza shingo, akarudi chumbani. Utamwambiaje mtu kama huyo?

Jumatatu alikuwa na mpango. Kule mlimani wana jirani, Mzee wa Nyuki, anayefuga nyuki na kukaa na ufunguo wao wa akiba. Ampigie, mzee afunge koki, mambo yaishe bila mtu kujua. Baada ya shule akapiga. "Namba unayopiga haipatikani kwa sasa." Akapiga tena. Haipatikani. Akapiga mara kumi na saba, mpaka akaanza kumchukia yule dada wa kwenye simu, ambaye hakumkosea lolote. Akafungua ukurasa wa hali ya hewa. Mlimani: usiku huo nyuzi nne. Jumanne, moja chini ya sifuri. Jumatano, mbili chini ya sifuri.

"Dada, mbona unaisonya simu?" Kijino akauliza.

"Toka!"

"Imekufanya nini?"

"Nimesema toka!"

Jumanne saa kumi na moja jioni, mzee akapokea. Upepo ulikuwa unavuma kwenye simu kama mtu anapuliza chupa.

"Shikamoo, mzee!"

"Marahaba. Sema haraka, niko juu ya jiwe. Mtandao unapatikana hapa tu, tena jioni."

Chapchap akamwaga maneno yote kwa pumzi moja. Mzee akateremka hadi kwenye nyumba, akatazama, akapanda tena jiwe lake. Nusu saa nzima Chapchap alizunguka chumbani akila kucha. Simu ikalia.

"Koki yenu nimeiona," mzee alisema akihema. "Haina mpini. Inataka spana. Spana yenyewe iko wapi?"

Chapchap akaitazama mkononi mwake. "Iko hapa."

"Hapa wapi?"

"Huku mjini. Nimeishika."

"Basi wewe zungusha huko, mimi nitasukuma huku, tukutane katikati!"

"Mzee, tafadhali! Huwezi kutumia koleo? Au nyundo?"

"Nyundo? Mjukuu wangu, nikiivunja, maji nitayazuia kwa kofia? Baba yako anasemaje?"

"Hajui."

"Ahaa." Sauti ya mzee ikabadilika. "Basi mimi koki ya watu siipigi nyundo kwa siri. Kesho saa kumi na moja nitakuwa hapa hapa. Anipigie yeye, si wewe." Mtandao ukakatika, au labda aliukata yeye.

Usiku huo Chapchap alikula vijiko vitatu tu. "Unaumwa?" Mama akauliza. "Mficha maradhi kifo humuumbua, shauri yako." Alikuwa anazungumzia tumbo, lakini Chapchap alihisi amevuliwa ngozi.

Jumatano akajaribu njia ya mwisho. Alitoka shule moja kwa moja hadi ofisi ya mabasi na spana begini. Foleni ilikuwa ndefu, mbele yake mama mmoja anasafirisha godoro linalokataa kukunjika. Alipofika dirishani, karani hakuinua hata macho.

"Mzigo wa mlimani? Kesho asubuhi. Utafika jioni."

"Lakini nataka ufike leo!"

"Na mimi nataka kuwa rubani, mwanangu. Anayefuata!"

Chapchap akatoka nje. Siku tatu anakimbia huku na huku, na kila mlango anaogonga unamrudisha kwenye mlango ule ule mmoja, wa Baba. Akatazama saa. Kumi na nusu.

Karakana ya Baba ilikuwa imejaa vumbi la mbao. Baba alikuwa anapiga randa meza ya darasa, anaimba kwa pua. Chapchap akaiweka spana juu ya meza. Baba akaacha kuimba.

"Baba, sikufunga koki. Nilikudanganya. Mabomba yana maji, na leo baridi ni chini ya sifuri."

Baba akaiangalia spana, akaliangalia fundo. "Tangu Jumapili?"

"Tangu Jumapili."

"Na leo ni Jumatano." Hakupiga kelele. Heri angepiga. Alipangusa mikono kwenye aproni taratibu, akachukua simu. "Na Mzee wa Nyuki hapatikani mpaka jioni..."

"Saa kumi na moja yuko kwenye jiwe. Anasubiri umpigie."

Baba akamtazama kwa jicho ambalo Chapchap hakulielewa, akapiga. Iliita mara moja tu.

"Mzee wangu, habari za huko? Achana na koki ya nyuma ya jiko. Panda kwenye mnara wa tangi. Pale bomba linapotokea kuna koki ya pili, ina mpini mwekundu. Hiyo inafungwa kwa mkono. Kisha ingia ndani ufungue koki zote. Ndiyo. Asante sana."

Mazungumzo yote yalichukua dakika mbili. Chapchap akamsogelea. "Kuna koki ya pili?"

"Ipo siku zote."

"Mbona mimi sikujua?"

"Ungejuaje, na mwenye kujua hukumuuliza?"

Kabla ya saa kumi na mbili mzee akapiga. Tangi limefungwa, mabomba yamekauka. Lakini bomba la bafuni lilikuwa limeshapasuka usiku wa kuamkia Jumatano. Maji yalikuwa yametoka hadi chumbani, na mbao kumi na moja za sakafu zimevimba zimeinuka. Baba akashukuru, akakata simu, akaketi juu ya meza ambayo haijakauka gundi. Chapchap akaanza kulia.

"Kulia hakunyooshi ubao," Baba alisema kwa sauti ya uchovu. "Jumamosi utakuja na mimi. Simu itabaki kwa mama yako."

Jumamosi walifika mlimani mapema. Baba akaunganisha bomba jipya, kisha wakang'oa mbao zote kumi na moja, moja baada ya nyingine, misumari ikilia kama inaonewa. Mikono ya Chapchap ikaota malengelenge. Baba akampa msumeno na mbao mpya, akamwonyesha namna ya kupima. Alikata ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ya nne alipoilaza mahali pake, ikapwaya. Ilikuwa fupi kwa upana wa kidole.

Baba alikuwa amempa mgongo. Kulikuwa na rundo la vumbi la mbao pale pale. Angeujaza ule upenyo kwa vumbi hilo, akaweka ubao mwingine kando, nani angeona?

"Baba, nimekosea. Huu nimeukata mfupi."

Baba akageuka. "Umeukata lini?"

"Sasa hivi."

Baba akauchukua, akaupima kwa macho, na kwa mara ya kwanza tangu Jumatano akatabasamu. "Basi haujaharibika. Tutautumia kule kwenye kona. Lete mwingine."

Akaketi chini sakafuni, akamwonyesha Chapchap akae karibu.

"Sikiliza, mama. Kusahau koki lilikuwa kosa la dakika moja. Mimi mwenyewe nimewahi kusahau. Nyundo, ahadi, hata wewe nimewahi kukusahau shuleni. Lakini zile siku tatu hukusahau. Ulizichagua. Ungeniambia Jumapili usiku, leo tusingekuwa na ubao hata mmoja wa kung'oa. Kosa ukilisema likiwa bichi, kila mtu anakusaidia kulibeba. Ukilificha, unalibeba peke yako, na kila siku linaongezeka uzito."

"Nimeelewa, Baba."

"Vizuri. Sasa pima ubao huo mara mbili, halafu ukate mara moja. Na tafadhali, si chapchap."

Chapchap akacheka, akavuta pua, akapima mara tatu.