Muhuri Ulionyooka Mno

Kila asubuhi Mizuho alikula wali na samaki, akaosha bakuli lake, kisha akafungua daftari la mawasiliano. Mwalimu huandika humo, mzazi husoma na kugonga muhuri wake kuonyesha ameona. Lakini mama alikuwa amelala. Alirudi alfajiri kutoka kiwanda cha samaki. Basi Mizuho akautoa muhuri kwenye droo, akaugusisha kwenye wino mwekundu, akagonga mwenyewe.

Alianza siku moja tu, asimwamshe mama. Sasa ilikuwa wiki ya tatu.

Jana mwalimu aliandika: "Tangu mhamie Yaizu, Mizuho hukaa peke yake wakati wa mapumziko. Nyumbani anasemaje?"

Nyumbani hakusema lolote, maana hakukuwa na wa kumwambia. Akagonga.

Shuleni, Mwalimu Shirasaka alimwita pembeni.

"Mizuho, siku hizi mama yako anatumia rula?"

"Kwa nini, mwalimu?"

"Zamani muhuri wake uliinama kama mzee anayesinzia. Sasa umesimama kama askari. Na wiki tatu hajanijibu neno."

Mizuho akainamisha kichwa. "Ni mimi. Mama anachoka."

"Mwambie mwenyewe leo. Nitasubiri hadi kesho."

Jioni, mama akivaa mabuti ya kazini, Mizuho alimwekea daftari na muhuri magotini. Mama akasoma ukurasa baada ya ukurasa, buti moja mguuni, jingine sakafuni.

"Kwa hiyo unakaa na nani huko?"

"Na ukuta."

"Ukuta gani?"

"Wa karibu na bomba. Hauulizi maswali."

Mama alitaka kucheka, akashindwa. Akaushika mkono wa Mizuho, akauweka muhuri ndani yake, akaufunika kwa mkono wake uliokwaruzwa na barafu ya kiwandani. Wakagonga pamoja. Chini yake akaandika: "Kesho nakuja naye."

"Muhuri huu unasema nimeona, mwanangu," alisema. "Usiseme nimeona kitu ambacho hukunionyesha. Usingizi nitaulipa siku nyingine. Wewe niamshe, hata nikiwa nakoroma."

Asubuhi mama alisimama kwenye lango la shule akipiga miayo. Mwalimu alikuwa amemwita Chinatsu, msichana wa mtaa wao, ili awe anarudi na Mizuho. Kisha akafungua daftari, akatazama wino mwekundu ulioinama.

"Naam," akasema. "Mzee wetu amerudi kusinzia."