Jiwe la Kusagia la Mama Hilda

Mngeniacha na vidole vyangu. Noela, mjukuu wangu, amenizungusha wiki nzima kwa ajili ya laini ya simu. Mashine ya alama za vidole imenikataa vidole vyote kumi, na kijana wa kibandani amefuta kioo kwa shati lake mpaka shati limechafuka, halafu ananiambia, "Bibi, vidole vyako havina kitu." Kana kwamba sijui. Sasa Noela anataka sababu, tena anataka niandike, eti nikisimulia kwa mdomo naruka mambo. Mimi shule niliiacha darasa la pili. Atakayecheka mwandiko akachekee kwao.

Kule Majengo watu husema kisa hiki kilimpata jirani yangu mmoja aliyekwisha kufa. Husema hivyo kwa sababu mimi ndiye niliyewaambia. Hakuna jirani. Ni mimi.

Ilikuwa miaka ya ruksa. Mitumba imejaa sokoni, mashine za kusaga za dizeli zinaunguruma kila mtaa, na kila mwanamume mwenye sururu amekimbilia Tunduru kutafuta vito. Mimi nilikuwa na mawe yangu. Mume wangu Otto alikuwa fundi baiskeli, na kabla hajafa alinifungia jiwe la kunolea kwenye miguu ya cherehani bovu. Nikikanyaga pedeli, jiwe linazunguka, na kopo lenye tundu linadondosha maji juu yake. Jioni nikitoka shamba nilipita mto Ruhira kuokota mawe ambayo hakuna mtu angeinama kuyachukua. Nyumbani nililivunja jiwe kwa nyundo, nikagandisha kipande kwenye ncha ya kijiti kwa lakiri, ile nta ya kufungia barua, nikakisugua mpaka kiwe kama yai lililokatwa katikati: juu tumbo, chini bapa. Baada ya hapo msasa wa maji. Mwisho kipande cha ngozi chenye unga mweupe wa kung'arishia, aliokuwa ananiletea Muhsini, mfanyabiashara wa mawe wa kutoka Nalasi. Jiwe la kijivu lilitoka linang'aa kama jicho la mbuzi.

"Unauza, Mama Aidan?" majirani waliniuliza.

"Siuzi."

"Unavaa?"

"Navaa nikaenda wapi?"

"Sasa ya nini?"

"Ya kutazama. Wewe mumeo unamvaa?"

Nyumba ilikuwa ya mamkwe wangu, Mama Hilda. Mwanamke mfupi, mkavu, asiyesifia chakula cha mtu. Kwenye dole gumba la kulia alikuwa na kovu la mundu, limekatiza katikati moja kwa moja. Alipohamia mjini kutoka Maposeni alikuja na kitu kimoja tu cha jikoni: jiwe lake la juu la kusagia, lile la kushika mkononi. Jiwe kubwa la chini lilibaki Maposeni kwa binti yake, Lidwina. Unga wa mashine Mama Hilda hakuutaka. Alisema una harufu ya lori, akawa anasagia juu ya jiwe bapa la uani.

Jiwe lile lilikuwa jeusi, limelainishwa na mikono ya wanawake watatu kabla yake. Kwenye ncha moja lilikuwa limechubuka. Ndani ya mchubuko palionekana mshipa mwekundu, mwembamba, kama ini la kuku likichanwa. Miaka tisa niliutazama mshipa ule kila nilipofagia jikoni.

Alipoumwa mara ya mwisho aliniita. Alinong'ona, maana kifua kilikuwa kimekwisha.

"Umemzika mwanangu, umeniogesha mimi. Nyumba hii kaa wewe. Lidwina mpe jiwe langu. Matanga yangu asage nalo."

"Nitampa, mama."

"Lisikae bila mkono."

"Halitakaa."

Mnasikia mgawanyo huo? Mimi nyumba. Binti wa kumzaa, jiwe. Na katika ukoo ule pombe ya kumaliza matanga ya mama lazima ulezi wake usagwe kwa jiwe lake mwenyewe, na asage binti. Nilijua hayo yote. Haukupita mwezi tangu tumzike, nikalitamani na jiwe.

Nilikwenda Ruhira nikatafuta jiwe la ukubwa ule ule. Nililifanyia kazi siku nne kwenye cherehani. Nilitengeneza mbonyeo wa kiganja, nikauacha umeinama kidogo kushoto kama wa mamkwe. Nilisugua masizi na mafuta ya karanga, nikapigilia unga wa ulezi kwenye vitundu kwa kitambaa, nikachubua ncha kwa msumari pale pale, nikachora na mshipa wake kwa udongo mwekundu. Sijawahi kufanya kazi nzuri kama ile, kabla wala baada.

Lidwina alilipokea kwa mikono miwili. Akaliweka shavuni, akalia.

"Lina harufu yake, wifi," akasema.

Nikamwambia, "Lina."

Siku aliyorudi Maposeni nililipasua la mamkwe kwa nyundo. Halikupasuka kama mawe. Lilipasuka polepole, kwa sauti ya mtu anayekohoa chumba cha pili.

Nilichukua kipande chenye mshipa, nikakigandisha kijitini, nikaanza kusugua. Tope la jiwe hudondokea kwenye beseni, nalo kawaida ni la kijivu na linanuka chuma. Tope hili lilikuwa la kahawia. Nikainama kulinusa. Lilinuka ulezi.

Nikajiambia ni mabaki ya unga kwenye vitundu. Nikamwaga. Kesho yake nikasugua tena, likaja lile lile. Safari hii sikumwaga, nililiacha beseni chini ya meza.

Wiki ile ile Lidwina alisaga ulezi wa matanga. Nilikwenda Maposeni pamoja na ukoo wote, nimevaa kanga mpya, nimebeba kuku. Pombe ilikuwa imekataa. Siku saba chunguni na ilikuwa imetulia vile vile, tamu, bila hata tone la povu. Wazee wakaonja, wakaweka vibuyu chini. Lidwina alinivuta nyuma ya jiko.

"Wifi, mama ana neno na mimi," akanong'ona. "Nilimkosea nini?"

Macho yake yalikuwa yamevimba. Pale ndipo ningesema.

"Labda ulezi ni wa zamani," nikamwambia.

Nilirudi Majengo mchana wa siku ya pili. Nilifungua mlango, nikasikia kitu kinachemka. Jiko lilikuwa baridi. Nikafuata sauti mpaka chini ya meza. Beseni la tope lilikuwa limejaa povu, linapanda na kushuka, linamwagika sakafuni.

Tope la jiwe lilikuwa limechacha.

Mwenye akili angeacha hapo. Mimi nilimwaga chooni, nikaosha beseni, nikamaliza kazi yangu. Nusu yai likatoka jeusi, na mshipa mwekundu umekatiza tumbo lake katikati. Zuri, siwadanganyi. Nililifunga kwenye pindo la kanga nikatembea nalo. Kila nilipokuwa, sokoni, kanisani, mkono ulikuwa pindoni, dole gumba likilisugua. Sikuweza kuuzuia.

Muhsini alipopita na mzigo wake wa Tunduru nikamwonyesha. Mtu yule alikuwa ameshika mawe ya kila namna, na ulimi wake haukutulia.

"Mama Aidan leo umenipikia nini? Maana mawe yako nayaona, wali wako sijauona."

Nikaliweka kiganjani mwake. Akafunga mkono, akafungua upesi, akalirudisha mezani.

"Astaghfirullah. Umelitoa juani?"

"Limetoka pindoni."

"Mawe hulala baridi, mama. Hili limelala na mtu." Alifunga mzigo wake bila kunywa chai. Mlangoni akageuka. "Lirudishe ulikolitoa. Sitaki kujua ni wapi."

Lakini lilikuwa limekwisha kusagika. Ningelirudisha vipi?

Baada ya hapo ikaja mistari. Kwanza nilidhani ni mikwaruzo ya msasa. Mistari myembamba, imezunguka tumbo la jiwe, mmoja ndani ya mwingine. Nikalirudisha kwenye ngozi na unga mweupe. Nikasugua asubuhi nzima. Nikalifuta. Mistari ilikuwa imekolea zaidi.

Na kikombe kikaniponyoka. Sindano ikaniponyoka. Nikamenya kitunguu, kikateleza kama samaki. Nikatazama vidole vyangu juani, mlangoni.

Vilikuwa vinang'aa.

Sikumwambia mtu. Mwaka ule viwanja vya mtaa vilikuwa vinaandikwa upya, na ukoo ulikubali nyumba iwe kwa jina langu kama marehemu alivyoagiza. Kilichotakiwa ni mimi na Lidwina tuweke dole gumba mbele ya katibu kata. Lidwina alikuja asubuhi kwa gari la mahindi, amekonda, amevaa nguo nyeusi ingawa matanga yalikwisha. Alikuwa amekataa kuivua. Alisema mama hajamwachilia.

Katibu kata alikuwa Osmund, mtu wa mzaha. Mezani alikuwa na kadi ya zamani ya kiwanja, yenye dole la Mama Hilda kwa wino uliofifia, kovu limekatiza katikati. Lidwina akaweka dole lake. Likatoka safi.

"Na wewe, Mama Aidan. Kwa adabu, si kama unaponda kunguni."

Nikachovya, nikabonyeza. Likatoka doa. Doa tupu, la zambarau, kama tone la maji.

"Tena," akasema.

Doa.

"Kidole kingine."

Doa. Nilijaribu vyote. Karatasi ikajaa madoa, hakuna hata mstari mmoja. Osmund aliacha mzaha.

"Mama, vidole umeviungua?"

"Ni jembe," nikasema. Jasho lilikuwa linanitoka. Nilitaka kujifuta. Nikafungua pindo la kanga kutafuta kitambaa.

Jiwe likaanguka.

Lilianguka juu ya kidau cha wino, tumbo chini. Likasimama kidogo. Halafu likabingirika, polepole, juu ya karatasi mpya. Lilikwenda mpaka penye nafasi yangu. Likatulia pale.

Osmund alilinyanyua kwa ncha ya kalamu.

Chini yake palikuwa na dole gumba. Mistari yote, duara ndani ya duara. Na kovu katikati.

Akatazama karatasi. Akatazama kadi. Akaziweka pamoja.

"Huyu si marehemu?" akanong'ona.

Lidwina hakunong'ona. Aliliokota jiwe lenye wino, akaliweka shavuni, kama alivyoliweka lile la uongo. Alikaa nalo hivyo. Alipoliondoa, shavuni alikuwa na dole la mama yake.

"Wifi. Jiwe la mama liko wapi?"

"Ndilo hilo."

"Lote?"

"Ndilo lililobaki."

"Na nililonalo mimi?"

"Nilikutengenezea."

Nilitegemea anipige. Ningeshukuru. Yeye alikaa akitazama vidole vyangu vinavyong'aa, halafu akamwambia Osmund aandike nyumba kwa jina lake yeye. Sikubisha. Ningebisha kwa kidole gani?

Jiwe alikwenda kulifukia kaburini Maposeni. Kabla ya kulifukia alisaga nalo ulezi wa pombe ya pili, akalibana kwa ncha za vidole juu ya jiwe kubwa, punje chache chache, siku tatu, kitu kidogo kama kitumbua. Ikachacha siku ya pili. Akavua nguo nyeusi.

Mimi alinipa adhabu yangu hapo hapo kaburini, hata machozi hajafuta.

"Lile ulilotengeneza utalisagia wewe. Kila mwaka, siku aliyokufa mama. Mpaka lichakae kwa kweli."

Miaka kumi na tisa nilikwenda Maposeni kusaga ulezi kwa uongo wangu mwenyewe, nimepiga magoti, watoto wa ukoo wananitazama. Mikono yangu haishiki kitu, kwa hiyo jiwe lilikuwa linateleza, linanibana, linanitoa damu. Mwaka wa saba niliona kishimo kinaanza pale dole gumba linapokaa. Nikasema haya, sasa limekuwa langu. Nikaweka dole. Halikuenea. Kishimo kilikuwa cha dole fupi kuliko langu. Na ndani yake palikuwa na mfuo mwembamba, umekatiza katikati, ambao mimi sikuuchonga.

Lidwina hakuwahi kunidai kodi wala kunitaja kwa watu. Alinikaribisha, akanilisha, akaniita wifi mpaka alipokufa. Hilo lilinichoma kuliko jiwe. Baada yake watoto wake waliiuza nyumba, na haki ilikuwa yao. Nilitoka Majengo na godoro moja, ndoo, na miguu ya cherehani ya Otto. Mnunuzi alikuja na karatasi zake, wote wakaweka madole kwa zamu pale barazani, na mimi nilikuwa nimesimama karibu na mlango, nimekwisha kufungua kiganja, nangoja zamu yangu.

Hakuna aliyeniita.