Sukari ya Yule

"Austine, si mimi ninayesema mle ndani."

"Kwani aliyesimama jukwaani ni nani? Jirani?"

Walikuwa nje ya ukumbi wa Makongeni, na ndani watu bado walikuwa wakipiga makofi. Rispa alikuwa karani wa duka la vifaa vya ujenzi, lakini jioni za Jumamosi aligeuka malenga. Austine, mchumba wake, alikuwa mwalimu wa fasihi katika shule moja ya Makadara, na alikuwa mwalimu kwelikweli: mtu wa kutafuta tashihisi hata kwenye risiti ya stima.

"Shairi limesema hivi," Austine akaanza. "'Chai nampikia huyu, sukari naweka ya yule. Jina namwitikia huyu, moyo unamwitikia yule.' Hiyo ni takriri, Rispa. Mtu harudiarudii kitu bure. Huyu ni mimi, na chai nakunywa bila sukari. Sasa yule ni nani?"

"Anayesema ni nafsi neni. Si wewe ndiye hufunza hayo mambo?"

"Usinifunze kazi yangu. Huyo nafsi neni wako umemtoa wapi?"

Rispa akageuka kuangalia mlangoni. Mamake alikuwa anatoka, ameshikwa mkono na Mzee Tobias, babake wa kambo.

"Hiyo siwezi kukuambia," akasema kwa sauti ya chini.

"Basi umeshaniambia."

Wivu ukipanda kichwani, masomo yote hushuka. Kabla hata hajafika kwake, Austine alifungua kikundi cha WhatsApp cha maandalizi ya ayie, ile siku ambayo watu wake wangeenda kuomba ridhaa ya mamake Rispa. Humo walikuwamo shangazi wa pande zote mbili na nusu ya akina mama wa kanisa. Akatuma video ya shairi, na chini yake akaandika:

"Ayie haipo tena. Bibi harusi ana mtu wake. Msikilizeni wenyewe."

"Woi. Na vile huyu huimba kwaya," mmoja akajibu.

"Kimya kingi kina mshindo mkuu," akaongeza mwingine.

 Rispa alijiondoa kwenye kikundi, na Jumapili iliyofuata nafasi yake kwenye kwaya ilikuwa imepewa mtu mwingine.

Shule zilikuwa zimeshafungwa Mama Rispa alipompigia Austine simu.

"Mwanangu, pitia hapa sokoni."

Alimkuta akifunika dagaa zake za omena kwa gunia.

"Keti, Mwalimu. Hii kitu nakwambia, Mzee Tobias asiisikie."

"Sawa, Mama."

"Babake Rispa alipenda chai ya sukari nyingi sana. Alikufa Rispa akiwa bado mdogo. Tobias akanioa, akanilelea mtoto, sina ubaya naye. Lakini kila asubuhi mkono wangu huweka sukari ya marehemu. Tobias husema, 'Hii chai ni tamu sana,' halafu anakunywa."



"Nilimwambia Rispa peke yake. Akaniomba aitungie shairi, nikamwambia sawa, bora usiseme ni nani. Hayo matusi yote ameyabeba kwa sababu yangu."

"Mama, mbona hukuniambia mapema?"

"Alinikataza. Alisema, 'Austine akinipenda, atafikiria mwenyewe.' Nimekungoja ufikirie, mwanangu. Nimechoka kungoja."

Kila mwaka mtu huyu aliwafunza watoto wa watu kwamba anayesema ndani ya shairi si lazima awe aliyelitunga, na aliyekosea hapo alimkata alama bila huruma. Majuto ni mjukuu, na mjukuu wa Austine alikuwa amefika na mizigo yake yote. Alirudi kwenye kile kikundi, akaandika kwamba kosa ni lake na Rispa hana mtu. Shangazi mmoja tu ndiye aliyejibu, kwa kidole gumba. Akampigia Rispa, simu ikaita hadi ikakatika. Akatuma ujumbe:

"Nisamehe. Sasa najua."

Jibu likaja: "Umeambiwa. Kujua ni kitu kingine."

Jumamosi aliketi nyuma kabisa ukumbini. Rispa alipanda jukwaani amevaa koti la kiume, akaanza kwa sauti nzito:

"Nilifunza wengi kusoma, mmoja nikashindwa kumsikia. Alinifungulia mlango, nami nikachungulia dirishani."

Wanawake wa mbele walijifuta macho. Austine alitoka nje, akamngoja palepale walipogombana.

"Rispa, yule mwanamume ni mimi."

"Kila shairi unajitafuta wewe tu."

"Basi anayejuta mle ndani ni nani?"

"Nafsi neni, Mwalimu."

Austine akamsogelea. Alimpenda msichana huyu, tena sasa kuliko wakati wowote.

"Na wewe uliyetunga," akauliza polepole, "wewe mwenyewe unasemaje?"

Macho ya Rispa yalijaa machozi, maana mapenzi hayafi kwa siku moja.

"Hilo ndilo swali ulilopaswa kuniuliza siku ile, Austine. Siku ile nilikuwa na jibu."

Akavua lile koti, akalikunja mkononi, akarudi ndani kumtafuta mamake.