Mlango Ulioelekea Mlimani

Kila asubuhi Nkasiogi alichota maji mferejini, akaondoa mavi ya ng'ombe, akachanja kuni, ndipo akapewa uji wake. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na kazi aliiweza, hilo hatumnyimi. Ila alikuwa na kasoro moja. Ngozi yake ya kulalia ikishapata joto, kumtoa hapo ilikuwa shughuli.

Hizo zilikuwa enzi za Wajerumani, walipokuwa wakijenga boma lao Arusha. Baba yake, Lemburis, alichukuliwa kwenda kubeba mawe. Siku moja alitoroka kuja kumwona mkewe mjamzito. Askari walimfuata, wakamchapa viboko mbele ya mwanawe, kisha wakaichoma nyumba yao moto. Wakamrudisha kazini huku mgongo ukivuja damu.

Jirani yao, Ndeshi, aliwapa banda la mbuzi wajisitiri. Sinyati, mama yake Nkasiogi, alikuwa amebakiza mwezi mmoja kujifungua. Mtoto angezaliwa Julai, na Julai kwenye mteremko wa Meru si mwezi wa mchezo.

"Mjukuu wangu hazaliwi kwenye banda lenye matundu," alisema Koko. Hivyo ndivyo walivyomwita bibi yao mzaa baba. "Tutajenga nyumba ndogo, lakini nyumba yenye akili."

Koko alikuwa ameshajenga nyumba nyingi maishani mwake, ila sasa macho yake yalikuwa na ukungu na nyonga ilimsumbua. Alifunga kamba kwenye mti mfupi, akamwagiza Nkasiogi azunguke nayo akichora duara ardhini. Kisha akaonyesha kwa fimbo.

"Moto hapa katikati. Kitanda cha mama yako kule nyuma. Ndama wawili watalala pembeni yake, joto lao tunalihitaji. Limebaki jambo moja, nalo ndilo kubwa. Mlango uelekee wapi?"

"Si popote tu, Koko?"

"Popote tu ndiko kunakoua watoto. Sikiliza. Kwa siku tatu utawasha moto mdogo hapa, alfajiri, jua likiwa utosini, na jioni. Utaangalia moshi unalala upande gani. Upepo wa hapa hubadilika. Usikose alfajiri hata moja. Mimi siwezi kuuona moshi, utaniangalizia wewe."

Nkasiogi alikubali. Siku ya kwanza baridi ilikuwa kali, akajifunika hadi kichwani. Siku ya pili akasema moyoni, kesho nitaamka. Siku ya tatu alifungua jicho moja, akalifunga. Mchana na jioni aliwasha moto bila kukosa, na mara zote moshi ulipanda kuelekea mlimani.

"Na alfajiri?" Koko aliuliza.

"Hivyo hivyo, Koko. Unapanda mlimani."

Koko aligonga ardhi kwa fimbo yake. "Ajabu. Haya, macho ni yako. Kama upepo unatoka bondeni muda wote, mlango uelekee mlimani."

Majirani wakasimamisha miti, wakakandika udongo na mavi ya ng'ombe, wakaezeka kwa majani. Mtoto akazaliwa humo, wa kiume, mwenye sauti kubwa.

Sauti hiyo haikudumu. Kila alfajiri hewa ya baridi iliporomoka kutoka mlimani, ikaingia mlangoni moja kwa moja, ikausukuma moshi wa moto hadi kitandani. Waliziba mlango kwa ngozi, upepo ukaitikisa na kupita. Siku ya tatu mtoto alianza kukohoa. Siku ya nne midomo yake iligeuka rangi na akakataa ziwa.

Ndeshi alikuja kumtazama, akavuta mdomo.

"Nani aliuelekeza mlango huku?"

"Mama mkwe," alijibu Sinyati.

"Kipofu huyo? Hana macho ya kuchagua, ila ana jicho la kudhuru watoto. Ukimwacha humu utazika."

Nkasiogi alikuwa pale pale akichochea moto. Aliyasikia yote. Angeweza kusema neno moja tu. Hakulisema.

Sinyati, macho mekundu kwa kukesha, alimgeukia Koko. "Toka. Rudi bandani. Mwanangu hafi kwa sababu yako."

Koko aliokota fimbo yake, akapapasa ukuta hadi mlangoni, akatoka. Alilala kwenye banda lile lenye matundu bila moto.

Kulipokucha, Nkasiogi alimpelekea uji. Alimkuta Koko amejikunja, vidole vimekakamaa hata hawezi kushika kibuyu.

"Mtoto amenyonya?" Koko aliuliza kwanza. Hakuuliza kitu kingine.

Nkasiogi akaweka kibuyu chini, akakimbia hadi kwa mama yake. "Yeyo, mama yangu, ni mimi. Sikuamka alfajiri hata siku moja. Nilimdanganya Koko."

Mama yake alimzaba kofi, kisha akakaa chini akalia kwa sauti. Mume wa Ndeshi, Koikai, alikuja na shoka akabomoa ukuta. Kwa maelekezo ya Koko waliuziba mlango wa zamani, wakaweka mwingine ubavuni, wenye njia inayokata kona, ili upepo usikikute kitanda. Alfajiri iliyofuata moshi ulipanda wima hadi kwenye majani ya paa. Baada ya siku mbili mtoto alinyonya.

Sinyati alikuwa ameshamrudisha Koko ndani mwenyewe siku ile ile ya kubomoa ukuta, akaomba radhi mbele ya Ndeshi, aliyeangalia pembeni. Kisha Nkasiogi akainamisha kichwa kwa bibi yake ili aguswe utosini, kama watoto wanavyowasalimu wakubwa. Mkono wa Koko ulikawia kumgusa.

"Kulala sikulaumu," Koko alisema. "Baridi hata mimi naiogopa. Lakini nyumba tunaijenga juu ya maneno tunayoambiana. Ulinipa neno bovu, likakaribia kumuua ndugu yako. Kisha ukaniona natolewa nje, ukanyamaza. Kosa ukiliungama siku hiyo hiyo, ni la mtu mmoja. Ukilificha, watu wengine hulilipia."

"Nisamehe, Koko."

"Nimekusamehe."

Na kweli alimsamehe. Ila tangu siku hiyo, kila Nkasiogi alipomweleza alichokiona, Koko alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwita mtu mwingine na kumwuliza pia.