Kadi ya Kaka

Jua lilikuwa linazama mama alipomtuma Kitinda chumbani kwa kaka yake, akachukue shuka safi na sweta. Kaka mwenyewe alikuwa hospitali, hajitambui. Alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, na moto wa kazi yake ndio uliompa jina: Cheche. Alianguka kutoka paa la ghala, kichwa kikatangulia, na tangu siku hiyo alilala macho yamefumbwa, mama akimsemesha kama mtoto mchanga.

"Chukua hivyo tu," mama alimwambia Kitinda. "Usiguse kingine. Vitu vya mgonjwa havipunguzwi. Ukivipunguza, unampunguza mwenyewe."

Kitinda aliitikia kwa mdomo. Maneno ya wazee hayo.

Chumba kilikuwa na joto la kufungiwa. Alipata shuka, akapata sweta. Halafu macho yakaangukia kompyuta.

Ndugu hawa walikuwa na ugonjwa mmoja, gemu. Kilichowatofautisha ni mfuko. Cheche alijinyima mpaka akanunua mashine ya maana. Kitinda, aliyekuwa kibarua wa kutoa fotokopi kwenye kibanda cha mtu, yake aliiunga kwa mitumba: boksi la huyu, feni ya yule, kioo chenye ufa. Juzi tu alikuwa ameongeza ram, na fundi wa kompyuta akampa ukweli wake.

"Umevalisha suti mtu asiye na viatu, bwana mdogo. Ram si mbaya. Kinachokuangusha ni kadi ya picha. Bila kadi nzuri gemu litakwamakwama tu."

Alipotajiwa bei ya kadi, Kitinda alicheka kwa uchungu. Na mashindano ya gemu aliyojiandikisha yalikuwa yamebisha hodi.

Sasa kadi kama hiyo hii hapa, ndani ya mashine ya Cheche, imekaa bure, inakula vumbi.

"Si haitumii," alijisemea. Kisha likaja wazo la pili, na hilo ndilo alilokuja kulionea aibu kuliko yote. Hata akiamka... ataamka kweli?

Akavuta droo, akatoa bisibisi.

Skrubu ya kwanza ilipolegea, chumba kilinuka chuma kilichoungua. Ilikuwa harufu ya ovaroli ya Cheche akirudi kazini. Kitinda akatazama ndoano ya ukutani. Ilikuwa tupu. Ovaroli ile ilikatwa kwa mkasi hospitali, siku ya ajali.

Vinyweleo vikamsimama mikononi. Hakugeuka nyuma. Alichomoa kadi, akaisokomeza ndani ya shati, akatoka ananyata kama mwizi. Na mwizi alikuwa ndiye.

Hospitali aliishia mlangoni pa wodi.

"Huingii kumwona mwenzako?" mama aliuliza, akipokea shuka.

"Nimechoka, mama."

Alifika nyumbani kwake akaichomeka kadi kabla hata hajavua viatu. Gemu likatiririka kama maji. Magari yaling'aa, mvua ikaonekana tone kwa tone. Kitinda alicheka peke yake. Kwa kitambo kidogo alimsahau kabisa kaka yake.

Kisha, mwisho wa barabara, ndani ya mji ule wa gemu, akamwona mtu.

Amevaa kinyago cha kuchomelea. Amesimama. Hasogei.

Kitinda akakata kona. Mtu yule alikuwa kwenye kona. Akatoka, akachagua mji mwingine, jangwani, mchana wa jua kali.

Yupo.

Kwenye hedifoni muungurumo wa magari ulififia. Ikabaki pumzi. Nzito... ya polepole... pumzi ya mtu aliyelala. Na ile harufu ya chuma ikaanza kupanda, safari hii kutoka kwenye feni za mashine.

"Kitinda..."

Ilikuwa sauti ya Cheche, aliyokua nayo tangu utoto. Ndiyo iliyomfundisha kusoma.

"Kitinda... mbona umezima taa?"

Aling'oa hedifoni masikioni. Taa ya chumba ilikuwa inawaka. Simu ikalia mezani, akashtuka nusura aanguke na kiti. Alikuwa mama, analia na kucheka kwa pamoja.

"Ameamka, mwanangu. Kaka yako ameamka." Halafu sauti ikashuka. "Lakini njoo. Njoo upesi. Anatuuliza mbona tumezima taa."

Hospitali, daktari alieleza vizuri tu. Uvimbe kichwani unabana mishipa ya macho. Huenda kuona kukarudi, huenda kusirudi. Mama alisikiliza akiwa amemshika Cheche mkono. Kitinda alisikiliza akitazama sakafu.

Kulipopambazuka aliirudisha kadi. Alipomaliza, aliomba radhi kwa sauti, peke yake, kwenye chumba kisicho na mtu. Kisha akakimbia hospitali.

Mama alimpokea koridoni, uso umefunguka. "Anaona!"

Ndani, Cheche alikuwa anataniana na nesi. Kitinda akasogea mpaka ubavuni pa kitanda.

"Kaka."

Cheche aligeukia sauti. Tabasamu likazima.

"Uko wapi?"

"Hapa. Mbele yako."

"Mama namwona. Nesi namwona. Wewe nakusikia tu." Akapapasa hewani. "Hapo pana kiza."

Daktari akasema ni doa, huwatokea waliopigwa kichwani, litaisha. Lakini Kitinda alipohamia dirishani, kiza kilihamia dirishani.

Mama alipotoka kufuata maji, Kitinda alipiga magoti.

"Kaka, nimekukosea. Jana niliingia chumbani kwako..."

"Najua. Nilikuwepo."

"Ulikuwa umelala huku hospitali."

"Nilikuwa nimekaa kitandani kwangu, nyuma yako. Nikakuita. Ukafungua skrubu nyingine. Nikakuomba uniachie." Cheche hakupandisha sauti. "Hukugeuka."

Laiti angemtukana. Tusi mtu anajua namna ya kulipokea.

"Mama sitamwambia," Cheche alisema. "Huu mzigo beba mwenyewe."

Akaubeba. Cheche alipona, isipokuwa kile kiza, akarudi nyumbani kwa mama kujiuguza. Kitinda hakwenda mashindanoni, na mashine yake aliitoa bure kwa jirani. Alijizoeza kukohoa kabla ya kuingia mahali alipo kaka yake, ili asimshtue. Mama aliona hilo ni adabu, akawa anamsifu mbele za watu, na kila sifa ilimchoma kama pasi.

Jioni moja walikuwa wamekaa wawili sebuleni, mama yuko jikoni. Cheche akamwelekea, akakunja uso, akatazama kwa muda mrefu.

"Kile kiza," alisema taratibu, "kimeanza kuondoka."

Moyo wa Kitinda uliruka. "Unaniona, kaka?"

"Naona mtu amekaa hapo kwenye kiti chako."

Cheche akavuta kiti chake nyuma kidogo, macho hayabanduki.

"Si wewe."