Wa Pili Katika Msafara

Zawadi aliyoitaka ilikuwa siku moja ya kulala. Hoteli ikampa barua ya pongezi, ikabandika picha yake ukutani karibu na saa ya wafanyakazi, na ndani ya bahasha ikatia tiketi ya kupanda mlima kwa pikipiki ya magurudumu manne. Mwanamke huyu alikuwa mkuu wa chumba cha pasi. Miaka tisa alikuwa amesimama kwenye mvuke, na sasa alikuwa mfanyakazi bora wa mwaka.

Basi Jumamosi saa mbili asubuhi alifika kwenye uwanja wa kuanzia safari, chini kabisa ya mlima, pale barabara inapotenganisha miamba na bahari. Uwanja ulikuwa umejaa. Injini zilikuwa zikipashwa moto, watu wanagombania kofia ngumu zinazowaenea, na mama mmoja alikuwa akimfunga mumewe mkanda wa kidevuni huku akimkaripia asijifanye kijana. Yeye alisimama pembeni na blauzi yake nyeupe, na suruali ya kijivu yenye mstari wa pasi ulionyooka kutoka kiunoni hadi kiatuni.

"Dada," sauti ikasema nyuma yake, "umekuja mlimani au umekuja kusimamia harusi?"

Aligeuka. Mwanamume mrefu, mkavu, koti lake limepauka mabegani, nyusi zina vumbi ingawa ilikuwa asubuhi mapema. Kifundo cha mkono wake wa kulia kilikuwa kimefungwa bandeji.

"Nimekuja kwa sababu nimeandikiwa barua."

"Ya mahakama?"

"Ya pongezi."

"Pole," akasema yule mwanamume, na alionekana kuwa anamaanisha.

Ndiye aliyekuwa kiongozi wa msafara. Kila mtu alimwita Kiongozi, hata dada yake mkubwa aliyekaa dirishani kwenye mapokezi akigawa kofia na fomu. Aliwakusanya watu kumi na mmoja, akawaonyesha ishara za mkono: hii ni ya kusimama, hii ni ya kupunguza mwendo, hii ni ya kujipanga mmoja mmoja. Kisha akapita mbele yao akiwatazama mikono, si nyuso.

"Wewe kaka, utakuwa wa mwisho," alimwambia bwana mmoja mwenye mabega mapana. Alipofika kwa yule mwanamke, alisita kidogo. "Bi Pasi, wewe nifuate mimi. Uwe wa pili. Usimpishe mtu."

Moyo wake ukapata joto ambalo halikutoka kwenye mashine yoyote. Ilikuwa zamani sana tangu achaguliwe kwa jambo lisilokuwa kazi.

Njia ilipanda kwa kuzunguka. Upande mmoja vichaka vikavu viliwagonga magotini, upande mwingine mlima uliteremka wima hadi baharini, na maji yalionekana chini kama kitambaa kilichokunjuliwa vibaya. Kiongozi aligeuka kila kona kumtazama. Yeye alidhani anatazamwa kwa sababu anapendeza, akakaza mgongo.

Kileleni wenzake walikimbilia ukingoni kupiga picha. Yeye alikaa juu ya jiwe avue kofia, akaiweka mapajani, akaegemeza shavu, akalala.

Kiongozi alimwona. Kwa kawaida kituo kile kilikuwa cha dakika kumi. Siku hiyo aliwasimulia wageni habari za upepo, habari za mnara wa taa, habari za mbuzi aliyewahi kuiba kofia, na alipoishiwa akaanza tena habari za upepo. Mwanamke alipofumbua macho, nusu saa ilikuwa imekwenda.

"Mbona hukuniamsha?"

"Mlima upo siku zote. Usingizi kama ule sijauona siku nyingi."

Aliona haya, akaelekeza kidole kwenye bandeji. "Mkono wako umefanya nini?"

"Usukani. Miaka kumi na miwili ya kutetemeka. Daktari anasema niupumzishe." Akautazama kama kwamba ni wa mtu mwingine. "Wewe ni wa kwanza kuuliza. Wengine huuliza kama huku juu kuna mtandao."

Kabla hawajateremka mwanamke alikuwa amempa namba yake ya simu.

Mapenzi yao yalikuwa ya watu waliochoka. Siku ya mapumziko ya mwanamke ilikuwa Jumanne, basi kila Jumanne alipanda mlima, na kila Jumanne Kiongozi alimpanga wa pili. Siku nyingine walikuwa na simu tu, saa za jioni, kila mmoja akiwa amejitupa alipofikia.

"Umefika nyumbani, Bi Pasi?"

"Nimefika. Nimekaa kitandani. Nimevua kiatu kimoja, cha pili nakitazama."

"Kivue."

"Njoo ukivue wewe."

"Mimi mwenyewe nimekaa mlangoni na kofia kichwani."

Wakacheka kidogo, kwa kuhifadhi pumzi. Kiongozi akaendelea kuzungumza. Upande wa pili kukawa kimya.

"Unanisikia?"

"Nakusikia."

"Nimesema nini?"

"Umesema unanipenda."

"Nimesema betri ya pikipiki namba sita imekufa."

"Ni hayo hayo."

Kiongozi akavua kofia. "Basi na hilo nalo ni kweli," akasema.

Miezi mitatu ilipita hivyo. Ndipo meneja wa hoteli alipomwita mwanamke ofisini akamkabidhi barua nyingine. Hoteli ilikuwa ikifungua tawi katika mji ulio mwendo wa saa sita kwa basi, na ilimtaka akaongoze idara nzima ya udobi. Atakuwa na watu ishirini chini yake, meza yake mwenyewe, na kiti. Alirudia kusoma pale palipoandikwa "ofisi". Jibu lilitakiwa Ijumaa.

Jumanne alikwenda uwanjani na ile barua mkobani. Alitaka kumwonyesha Kiongozi kileleni, amuulize: niende, au nibaki? Na kama ni kubaki, nibaki kwa ajili ya nini? Alikuwa amejiandaa kusikia jibu lolote.

Kiongozi alikuwa bado mlimani na kundi la kwanza. Mwanamke alikaa kwenye benchi karibu na dirisha la mapokezi. Bwana mmoja alikuwa amesimama pale akilalamika.

"Jana mke wangu aliwekwa nyuma ya kiongozi, mimi nikatupwa huko mwisho nile vumbi. Leo sitaki."

"Ndugu yangu, usiwe na wivu," alisema dada wa mapokezi. "Ni utaratibu tu. Aliye imara hukaa mwisho. Yule ambaye Kiongozi anaona huenda asifike, humweka nyuma yake ili amchunge. Hiyo ni sifa kwako."

Bwana akaondoka ameridhika. Mwanamke kwenye benchi hakuondoka.

"Na mimi je, wifi?"

"Wewe?" Dada akacheka. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa tu na ulimi usiopumzika. "Siku ile ya kwanza alirudi akaniambia, leo nimeletewa mtu aliyekufa amesimama. Alikuogopea vibaya sana, wifi."

Mwanamke akacheka naye. Kisha akarudisha kofia dirishani, akasema kichwa kinamuuma, akaenda zake.

Jioni Kiongozi alipiga simu. "Mbona hukunisubiri, mpenzi?"

"Kiongozi, siku ya kwanza ulinichagua au ulinihofia?"

Alikuwa mtu mkweli. "Nilikuhofia. Ulikuwa unasinzia umesimama."

"Na hizi Jumanne zote? Bado nakutia wasiwasi?"

Hapa ndipo alipotakiwa kujibu. Lakini alikuwa amepandisha makundi matatu, mkono umevimba hadi kwenye kidole gumba, na aliona swali lile ni kubwa kuliko nguvu iliyobaki. "Nimechoka, mpenzi. Tuongee kesho."

"Haya," akasema mwanamke. "Pumzika."

Kesho yake mwanamke hakupokea simu. Kwao yeye ndiye mzaliwa wa kwanza. Mdogo wake akiumwa, anapigiwa yeye. Bomba likipasuka kwa mama, anapigiwa yeye. Kazini mashine ikikwama, wote hugeuka kumtazama. Alijua vizuri mtu hujisikiaje anapobeba wengine. Kutopendwa hakukumtisha sana. Alichoogopa ni kuwa kazi ya mtu mwingine, mtu mwenye mkono mbovu, anayegeuka kila kona kuhakikisha hajaanguka. Ijumaa alitia sahihi. Angeondoka mwisho wa mwezi.

Kiongozi alipiga simu mara sita, halafu akaacha. Alijiambia kwamba asiyepokea simu amelala, na aliyelala asisumbuliwe. Alijiambia hivyo siku kumi. Siku ya kumi na moja dada yake alimwekea kikombe cha chai mbele yake, akakaa.

"Nina neno. Siku ile wifi alikuja, nadhani nilizungumza."

"Wewe kila siku unazungumza."

"Nilimwambia habari za kupanga watu. Na ile ya kufa amesimama."

Kiongozi akaisukuma chai mbali. Hakumgombeza. Aliomba mtu mwingine aongoze kundi la mchana, jambo ambalo hakuwa amelifanya miaka kumi na miwili, akaenda hotelini kwa mlango wa wafanyakazi.

Chumba cha pasi kilikuwa chini ya jengo. Mvuke ulimpiga usoni mlangoni. Mashine ndefu ilikuwa ikimeza mashuka yenye unyevu upande mmoja na kuyatema yamenyooka upande wa pili, na wanawake wawili wawili walikuwa wakiyapokea, wanakunja, wanarundika. Bi Pasi alikuwa mwisho wa mashine, peke yake, amejifunga kitambaa kichwani, jasho linamtiririka shingoni. Mwenzake hakuja kazini siku hiyo. Shuka lilikuwa likitoka.

Bi Pasi alimwona. Hakukuwa na nafasi ya kununa. "Shika hizo ncha," akasema.

Kiongozi akashika. Wakarudi nyuma, wakanyoosha, wakakunja.

"Dada ameniambia alichokwambia."

"Hakusema uongo." Wakasogeleana, vidole vikakutana, akampokonya ncha. "Chukua jingine."

"Siku ya kwanza nilikuhofia, na sijutii. Ungelala ukiendesha." Wakarudi nyuma. "Jumanne ya kwanza ulikuwa umelala vizuri, ukaendesha vizuri kuliko bwana wa mwisho. Kwa utaratibu wangu ulistahili kuwa nyuma kabisa. Na ya pili. Na zote."

"Sasa kwa nini hukunipeleka?"

"Huko nyuma sioni mtu. Naona vumbi tu." Wakasogeleana tena, na safari hii Kiongozi hakuachia zile ncha. "Nilitaka kukuona. Ningekwambia siku ile kwenye simu, lakini nilikuwa nimechoka, nikadhani neno kama lile linaweza kungoja kesho."

Mashine ilitema mashuka mawili, yakaangukiana. Wote wawili waliyatazama, hakuna aliyeyaokota.

"Nimeshatia sahihi," mwanamke akasema taratibu. "Naenda kuongoza idara ya udobi kwenye tawi jipya. Siirudishi ile barua, Kiongozi. Wana kiti."

"Sijaja kukuomba uirudishe."

"Umekuja kuomba nini?"

"Tuoane, twende wote."

Nyuma yao mwanamke mmoja aliyekuwa akikunja foronya alianza kukunja polepole sana, ili asikie.

"Unachumbia mtu kwenye joto hili," akasema Bi Pasi.

"Ningechagua mahali pengine, lakini simu hupokei."

"Na huko utafanya nini? Kule hakuna mlima. Ni tambarare tupu, nimeambiwa."

"Ndiyo uzuri wake. Nitalala wiki mbili. Halafu nitatafuta kazi isiyotetemeka."

Alitaka kucheka, ikatoka pumzi tu. "Sitaki unichunge. Wa kunichunga simtafuti."

"Bi Pasi, mkono wenyewe huu, nani atamchunga nani? Nataka tuchoke nyumba moja, basi. Ukishindwa kuvua kiatu, niwepo."

Bi Pasi alimtazama. Alitazama vumbi kwenye nyusi zake, mvuke ulikuwa umeanza kuligeuza tope. Alipima jambo lile kama alivyozoea kupima mambo, upande huu na upande ule, na hakuona mahali Kiongozi alipokosea.

"Jumapili uje nyumbani umwone mama," akasema. "Jibu ni ndiyo. Lakini Jumapili mchana, si asubuhi. Asubuhi nalala."

"Hata mimi."

Mashuka yalikuwa yamefika sakafuni. Yule mwanamke wa foronya aliacha kazi yake, akaja, akamshika mkuu wake begani.

"Dada, kaa kidogo. Niachie mimi na shemeji."

Kwa miaka tisa hakuwa amekaa saa za kazi. Alitafuta mahali, akaona kikapu cha mashuka machafu kilichojaa, akakaa juu yake, akanyoosha miguu. Mbele yake Kiongozi alikuwa akikunja shuka na yule mwenzake, anaenda kushoto wanapotakiwa kwenda kulia, na bandeji imemlegea. Ncha mbili zilipishana kwa upana wa kiganja. Shuka likawekwa juu ya rundo likiwa limepinda.

Aliliona. Alilitazama kwa muda mrefu kidogo, kisha akaegemea ukuta, akafumba macho, akaliacha lilivyo.